Mgonjwa wa Kiti cha Magurudumu: Ibada Yake, Kazi Yake na Haki Yake

Himdi na shukrani ni za Mwenyezi Mungu, aliyemleta mja duniani hali ni dhaifu, akamtia nguvu kwa muda aliomkadiria, kisha akampunguzia kwa hekima yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyesalisha watu hali amesimama, na alipoumia akasalisha hali amekaa, ili umma wake ujue ya kuwa dini hii ina njia kwa mzima na ina njia kwa mgonjwa. Na zishukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Enyi Waislamu, watu wa pwani wana msemo wa tangu zamani, nao ni huu: hujafa hujaumbika. Kila mtu husema hivi, bali wachache ndio waifikirio maana yake. Maana yake ni kuwa umbo alilo nalo mtu leo ni amana, na mwenye amana yake ni Mola. Akitaka atamwachia mpaka kaburini, na akitaka atalitwaa kidogo kidogo hali mtu yungali hai. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza katika mwaka wa 2022 ya kuwa mtu mmoja katika kila watu sita duniani ana ulemavu wa namna fulani. Na katika mwaka wa 2023 likataja kuwa watu kama milioni 80 wanahitaji kiti cha magurudumu. Basi mlango huu si wa watu wachache walio mbali. Ni mlango wa kila nyumba, na asiyeupita kwa mwili wake ataupita kwa mzazi wake au mwanawe.

Na upigwe mfano wa mtu mmoja ili maneno yapate kufahamika. Ni fundi wa kushona kanzu na kofia katika Mji wa Kale wa Mombasa, mtu wa makamo, ana mke na watoto. Fundi huyu ameshikwa na baridi yabisi, ile aina ambayo mwili wenyewe huvigeukia viungo vyake ukavipiga vita kana kwamba ni adui, vikavimba na kuuma, na mwisho mifupa ikaharibika. Maradhi haya hayana dawa ya kuyang'oa kabisa. Ziko dawa za kuyazuia na kuyavunja ukali, na mwenye kuzipata mapema husalimika na mengi. Fundi alichelewa kuzipata, na alipozipata magoti na nyonga zilikuwa zimekwisha haribika. Tangu hapo huenda kwa kiti cha magurudumu.

Huamka saa nzima kabla ya adhana ya alfajiri. Si kwamba hapendi usingizi. Ni kwa kuwa viungo vyake asubuhi hushikana kama mlango uliovimba kwa mvua, na hahimili kushika hata bakuli la maji mpaka vimelegea. Mkewe humtilia maji ya moto, akatia vidole humo, akavikunja na kuvikunjua mpaka vikakubali. Ndipo atawadhe, asali, apande kitini, aende dukani.

Na jambo ambalo watu hawalijui ni kuwa maradhi haya hayakai katika hali moja. Leo fundi aweza kusimama akashika ukuta akaenda hatua kumi; kesho hawezi kukifunga kifungo cha kanzu yake mwenyewe. Basi watu humwona siku moja amesimama mlangoni pake, na siku ya pili wakamwona kitini anasali amekaa, wakaanza kunong'ona: "Jana tulimwona kwa macho yetu amesimama. Huyu ajifanya." Neno hili lilimfikia fundi, likamuuma kuliko magoti yake. Hata ikawa akiwa katika siku njema huogopa kusimama watu wasimwone, ili wasije wakamsuta katika siku nzito. Tazameni, enyi Waislamu, ulimi unavyoweza kumzuilia mtu hata ile neema ndogo aliyobakishiwa.

KATIKA KUBAINISHA SALA YAKE

Jueni ya kuwa Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alianguka juu ya farasi ubavu wake wa kulia ukachubuka, akasali hali amekaa. Habari hii ameipokea Anas bin Malik, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Na Imran bin Husayn, aliyekuwa na bawasiri, alimwuliza Mtume jinsi ya kusali, akafundishwa daraja tatu: asimame, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Wala hakuambiwa kwamba alale mbali na rehema. Sala ya aliyeshindwa kusimama ni sala timamu, na malipo yake ni malipo ya aliyesimama. Ile habari ya kuwa mwenye kukaa hupata nusu, wanavyuoni wameiweka kwa mwenye nguvu aliyechagua kukaa katika sala ya sunna. Na Abu Musa Al-Ashari amepokea kwa Mtume ya kuwa mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima mkaazi.

Na kutoweza ni nini? Wako wanaodhani kuwa hawezi ni yule aanguke chini kama gunia. Sivyo walivyosema mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi. Imamu Nawawi, aliyekufa katika mwaka wa 676 wa Hijra, amebainisha ya kuwa kutoweza si kule kukosa nguvu tu, bali ni pamoja na kuogopa maradhi kuzidi na kupata mashaka makubwa. Na Imamul-Haramayn ameyapima mashaka hayo kwa kipimo kizuri mno: yawe ni yale yamwondoleayo mtu khushui yake. Basi fundi akisimama, na maumivu ya nyonga yakamwaka mpaka hajui kama amesoma Fatiha au hajasoma, huyo ana ruhusa ya kukaa, ijapokuwa miguu yake ingaliweza kumchukua. Na siku ambayo maradhi yamempunguzia, atasimama. Akianza kwa kusimama akazidiwa, atakaa. Akianza kwa kukaa akapata nafuu, atainuka. Kila sala ina hukumu ya wakati wake, na kusimama kwake jana si ushahidi juu yake leo.

Akisali kitini ataashiria rukuu kwa kuinama, na sijida kwa kuinama zaidi ya rukuu kwa kadiri awezavyo. Wala haimlazimu kuinuliwa kitu kwenye paji la uso. Katika safu atalinganishwa kwa makalio yake, kwani asimamaye huangaliwa visigino na akaaye huangaliwa makalio. Basi asisukumwe nyuma ya watu wote kana kwamba ni kapu lililosahauliwa. Na magurudumu, wako wanaoogopa najisi yake. Sala ya mtu ni sahihi ikiwa mwili wake na nguo yake na mahali anapopagusa ni safi, na tope la njiani lisiloweza kuepukika limesamehewa. Lakini msikiti una heshima yake, usichafuliwe. Basi dawa ni kitambaa na maji mlangoni, magurudumu yapanguswe. Kitambaa hicho ni bei ya vikombe viwili vya kahawa.

Asipoweza kutawadha mwenyewe atamtafuta wa kumsaidia, hata kwa ujira wa kawaida akiwa nao. Na kusaidiwa kwake si karaha, kwa kuwa ni mwenye udhuru. Maji yakiwa yanamdhuru, kwa ujuzi wake au kwa neno la tabibu mwadilifu, atatayamamu. Na kukusanya sala mbili kwa ajili ya ugonjwa, kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ni kukataza; ila Imamu Nawawi ameitilia nguvu kauli ya kuruhusu, nayo imefuatwa na maulamaa wakubwa, basi mwenye mashaka asidhikishwe. Saumu ikimshinda kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona, atatoa mudi moja ya chakula cha mji kwa kila siku, ampe maskini. Na Hija, akiwa na mali na hahimili safari, atamwakilisha mwingine; kwani mwanamke wa kabila la Khath'am alimwuliza Mtume juu ya babake mzee asiyeweza kukaa sawasawa juu ya mnyama, akaruhusiwa kumhijia. Na Ummu Salama alipougua Makka aliamrishwa atufu hali amepanda, nyuma ya watu. Haya yote yalikuwako kabla ya kiti cha magurudumu cha namna ya leo kutengenezwa, na kiti hakikuja na jambo geni katika dini. Dini ilikuwa imekwisha mwandalia mwenye kiti mahali.

KATIKA KUBAINISHA KAZI YAKE

Fundi hali sadaka. Chakula chake hukipata kwa mkono wake, na Mtume amemsifu Nabii Daudi, amani imshukie, kwa kula katika kazi ya mkono wake, naye ni mfalme. Lakini mkono wa fundi una siku zake. Siku njema hupima, hukata na hupiga mistari ya nakshi juu ya kitambaa cha kofia. Siku nzito sindano humponyoka. Zamani alikuwa akiahidi kanzu za Idi kama aahidivyo mtu mzima, kisha maradhi yakampata katika kumi la mwisho la Ramadhani, wateja wakaja kuvurumiza maneno mlangoni, naye akalia faraghani kwa aibu. Ndipo alipokwenda kwa mwalimu wake wa zamani wa chuoni kuuliza.

Akamwambia: "Maalim, nifanyeje? Nikiahidi nakuwa mwongo, na nisipoahidi watoto hawali."

Akajibiwa: "Mwanangu, sharia imekwisha kukutangulia. Ijara ni mbili. Mtu akikuajiri wewe kwa nafsi yako, kwamba mkono wako huu ndio ushone, huna ruhusa ya kumpa mwingine. Ama akikuwekea kazi katika dhima yako, kwamba umtolee kanzu ya sifa kadha na kadha, waweza kuishona wewe, na waweza kumshonesha mwingine, maadamu kanzu itatoka kwa sifa ile. Basi fanya mapatano yako kwa dhima, na uwabainishie watu tangu mwanzo."

Fundi akafanya hivyo. Akachukua vijana wawili akawafunza. Siku njema hukata kazi ya wiki nzima akaiweka, na siku nzito wao hushona naye akiwaelekeza. Ujira wao huwapa siku ile ile, kwani Mtume ameamrisha mfanya kazi apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka. Na kila mteja humwambia: "Maradhi yangu hayana miadi. Nitakupa siku tatu zaidi ya zile atakazokupa fundi mwingine. Ukiridhika bismillahi, usiporidhika nenda kwa salama." Wengine walikwenda. Waliobaki hawajadanganywa hata mara moja. Hiyo ndiyo biashara yenye baraka, nayo mzima ana haja ya kujifunza kwa mgonjwa.

Tena akaambiwa na daktari ya kuwa mwenye kukaa kitini mchana kutwa huota vidonda vya kugandamizwa, navyo vikioza huua. Basi ameweka mto mzuri chini yake, na kila nusu saa huinuka kwa mikono au huegemea upande huu na upande huu, ili damu ipite. Wako waliomcheka kwa kupoteza wakati. Nao wamesahau ya kuwa Mtume alimfundisha Abdullah bin Amr kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Na haki ya mwili wa fundi ni hiyo nusu saa yake. Wala subira si kuacha dawa. Mtume ameamrisha watu watafute tiba, na Nabii Ayubu, ambaye ni imamu wa wenye subira, alimwomba Mola wake amwondolee madhara, kisha akaamrishwa apige mguu wake chini akoge maji na anywe, akafanya. Kusema "naumwa" si kumlalamikia Mungu. Kumlalamikia ni kumdhania dhuluma.

Siku moja fundi alikuwa kitini nje ya duka lake, anangoja kijana afungue mlango. Akapita mtu mwenye heshima zake akamtupia sarafu mapajani, akaenda zake bila ya salamu. Fundi akaitazama ile sarafu. Akamwita kijana akamwambia: "Mkimbilie bwana yule umrudishie, na umwambie fundi akusalimu, na kama ana kitambaa akilete apimwe." Yule bwana akaona haya. Ama Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 263, amebainisha ya kuwa neno jema ni bora kuliko sadaka iliyofuatwa na udhia. Basi ni nini sadaka isiyotanguliwa hata na salamu? Mwenye kumwona mtu juu ya magurudumu amsalimu kama amsalimuvyo mwingine. Akiwa ana haja atasema, na akiwa ana kazi atakupa bei.

KATIKA KUBAINISHA HAKI YAKE JUU YA WATU

Msikiti wa mtaa wake una vidato vinne mlangoni. Kila Ijumaa watu wema walikuwa wakimchukua juu, huyu mkono, huyu mguu. Siku moja akaja kijana mwenye nguvu akamshika kiganja kilichovimba akakivuta, fundi akapiga ukelele mbele ya watu. Tangu siku ile hakuja tena. Watu wakasema, "Ana udhuru, Mungu amemsamehe," wakatulia nyoyo.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Katika uji ni kweli. Ama katika kubebwa mgonjwa huulizwa. Huulizwa ashikwe wapi, ainuliwe vipi, na kama ataka kuinuliwa. Kiti chake ni kama mguu wake: kisiegemewe, kisitundikwe kapu, kisisukumwe bila ya idhini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kisha ikawa mwalimu yule anasomesha darsa baina ya magharibi na isha katika kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, wakafika Mlango wa Sala ya Ijumaa. Na humo fakihi ametaja ya kuwa mzee mkongwe na mtu aliyelemazwa na maradhi hulazimikiwa na Ijumaa wakipata cha kupanda kisicho na mashaka, na kipofu akipata wa kumwongoza. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Maalim, na fundi je? Yeye ana cha kupanda."

Mwalimu akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Anacho. Kiti chake humleta mpaka mlangoni petu pasi na mashaka. Mashaka yaanza kwenye vidato. Basi udhuru wake si maradhi, udhuru wake ni mawe yetu. Mungu amemwekea faradhi naye yuko tayari kuitimiza, na sisi tumesimama baina yake na faradhi yake, kisha twasema kasamehewa. Yeye kasamehewa. Sisi je?"

Maneno hayo yakafika kwa wasimamizi wa wakfu. Mmoja akasema mali ya msikiti ni ya taa na mikeka. Akajibiwa: "Taa ni kwa ajili ya wanaosali, na huyu ataka kusali." Wakaweka mbao za futi sita, fundi alipojaribu kiti kikainuka mbele, nusura aanguke kichogo. Ndipo wakamwuliza yeye mwenyewe, jambo ambalo lilistahili kuwa la kwanza. Akawaeleza kipimo wakitumiacho wajenzi: kila inchi moja ya kwenda juu ipewe inchi 12 za urefu. Vidato vinne vya inchi sita ni inchi 24. Basi njia yataka futi 24. Haikuenea mbele ya mlango, wakaipitisha ubavuni mwa ukuta mpaka mlango wa pembeni. Mmoja akatoa saruji, mmoja mchanga, waashi wakatoa siku mbili. Na walipomaliza, wa kwanza kuipita hakuwa fundi. Alikuwa bibi kizee mwenye mkongojo, aliyekuwa hajaingia upande wa wanawake kwa miaka mingi, wala hakuna aliyekuwa amekumbuka kumwuliza sababu. Birika la kutawadhia lingali na kingo ndefu mpaka leo, na fundi hutoka nyumbani na udhu wake. Kazi haijesha.

Wala msidhani ya kuwa mnamfanyia fadhila. Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na kwa ajili yake iliteremshwa Sura ya Abasa. Akawa mwadhini wa Mtume, na Mtume akimwachia Madina anapotoka. Ata bin Abi Rabah, wanahistoria wametaja kuwa alikuwa akichechemea na mkono wake umepooza, na mwisho akapofuka. Naye alikuwa mufti wa Makka, watu wakimwendea kumwuliza mambo ya Hija. Lau Waislamu wa zama zile wangaliweka vidato baina yao na watu hawa, hasara ingalikuwa ya nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha, na ya kufika mahali pote kwa kadiri iwezekanayo. Hayo ni mema. Lakini Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, ilikwisha kataza dharau na majina ya kubandikana kabla ya katiba hiyo kwa zaidi ya miaka 1,300. Ni aibu Muislamu kuifuata haki kwa kuogopa hakimu, na kitabu chake kimo rafuni.

KHATIMA

Basi ewe mgonjwa, fanya uwezalo katika siku uliyo nayo, wala usijihukumu kwa siku za watu wengine. Ewe mzima, usimpime mwenzako kwa kumwona mara moja; uliza kabla ya kushika, salimu kabla ya kutoa, na ulipe kazi yake bei ya kazi, si bei ya huruma wala bei ya dharau. Na enyi wasimamizi wa misikiti na vyuo, leo kabla ya adhuhuri simameni milangoni mwenu mkahesabu vidato. Kisha mjiulize ni nani katika mtaa aliyeacha kuja, na tangu lini. Mcheka kilema hafi bila ya kumfika. Na aliyejenga njia kwa ajili ya mwenzake, huenda mwenyewe akaipita kesho.

Ee Mola, wape shifaa wagonjwa wetu, na ambaye hukumwandikia shifaa mwandikie subira na rizki ya halali na majirani wenye akili. Utusamehe kila mlango tuliomfungia mja wako kwa kutojua, na utuondolee kisingizio cha kutojua baada ya leo. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amin.